Nyumba ya Kujaribia

Nyumba ilikuwa imesimama tangu asubuhi, nzuri mpaka inaudhi. Vyumba vitatu, sebule, jiko, na baraza la mbele lenye nguzo nyembamba, yote ya mbao iliyokaushwa tanurini na kupigwa randa mpaka ukipitisha kiganja hakikwami popote. Msumari haukuwemo hata mmoja. Ilishikwa kwa bolti na vigingi, kwa sababu kabla jua halijazama ilitakiwa iwe imeshushwa, imefungwa mafungu mafungu na kuingizwa ndani ya kontena, iende ng'ambo kwa watu wanaoagiza nyumba kama wengine wanavyoagiza kabati.

Ndivyo kazi ilivyokwenda pale uwanjani. Nyumba haikupanda kontena kabla haijasimama. Zamani walikuwa wakituma vipande hivyo hivyo, wakiamini vipimo, mpaka mafundi wa huko ng'ambo wakajikuta juu ya paa, kwenye baridi ya kukata masikio, boriti ya katikati imepungua upana wa kiganja. Matusi yaliyokuja kwa simu siku ile, wacha tu. Tangu hapo kila nyumba ilijaribiwa kwanza: ikapandishwa kipande kwa kipande, ikakaguliwa, ikaandikwa namba, halafu ikashushwa kinyumenyume, kilichopanda mwisho kikitangulia kushuka.

Aliyeandika namba hizo alikuwa mwanamke mmoja aliyeitwa Bi Chaki. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alipoanza kazi alikuwa akiandikia chaki. Siku hizi anatumia kalamu ya nta isiyofutwa na mvua, lakini jina la utani likishanata limenata. Yeye ndiye alikuwa msimamizi wa uwanja, na ubao aliousema umepinda ulikuwa umepinda, hata aje nani. Siku hiyo alikuwa amechoka. Alikuwa na uchovu ule ambao mtu akilala nao anaamka nao, tena umeshatangulia kuvaa viatu.

Sababu ya uchovu wenyewe ilikuwa imekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kibanda cha mlinzi, imevaa koti jeusi na kofia. Alikuwa baba yake mzazi.

Mzee huyo alikuwa seremala tangu enzi za kubeba boriti begani peke yake. Aliwaezekea ndugu, majirani na watu asiowajua, na yeye mwenyewe akaishi na mkewe kwenye vyumba vya kupanga mpaka mkewe akafariki humo. Bi Chaki hakuwahi kumsamehe jambo hilo, tuseme ukweli. Alikuwa akimhudumia kwa moyo wote na kumkasirikia kwa moyo huo huo. Sasa hata kumkasirikia kumekuwa kazi bure, maana akili ya mzee ilishaanza kumtoroka. Usiku aliamka akatafuta nyundo chini ya kitanda. Alimwamsha Bi Chaki kumuuliza mama yuko wapi. Mwanzoni Bi Chaki alimwambia ukweli, na mzee akalia msiba upya kila mara, kama vile taarifa ndiyo kwanza imefika. Baadaye akajifunza kumjibu kwamba mama ametoka kidogo.

Kaka yake, aliyeishi mbali, alikuwa hodari wa kutoa ushauri kwa simu. Mpe matunda. Mwimbie. Mtembeze. Jirani aliyezoea kumkalia mzee mchana alikuwa amesafiri kumwuguza dada yake, ndiyo maana Bi Chaki alikuja naye kazini wiki ile. Meneja alikubali kwa shingo upande. Mafundi wenyewe walifurahi, wakawa wanamwamkia mzee kila wanapopita, na mzee anaitikia kwa heshima zote, kila mara kama mara ya kwanza.

Hofu moja tu Bi Chaki hakuwa ameisimulia kwa mtu pale kazini. Mama alipofariki, kaka mtu aliamua kwamba baba ahamie kwa Bi Chaki, akatuma vijana wawili wamhamishe. Mzee akakataa kutoka. Vijana wakambeba na kiti chake mzobemzobe, wakampakia garini pamoja na vyombo. Baada ya hapo mzee alinyamaza. Akawa anakula kwa kulazimishwa na kutazama ukuta, na siku aliyofungua mdomo tena alimtazama Bi Chaki usoni akamuuliza, "Wewe ni binti wa nani?" Daktari alieleza mengi, lakini Bi Chaki alishika moja: mzee huyu asing'olewe tena kwa nguvu mahali alipojishikiza. Kilichobaki kilikuwa kidogo. Kuna siku, moja moja, bado alimwita mwanangu, na kwa ajili ya siku hizo Bi Chaki alikuwa tayari kukosa usingizi mpaka na yeye azeeke.

Basi mafundi wa pale walikuwa na mchezo wao. Nyumba ikishasimama, chakula cha mchana walikwenda kulia ndani, na kila mtu akajitwalia chumba. Huyu anasema mimi hiki chenye dirisha la mashariki, yule anasema mimi jikoni, nisikose kuonja. Mmoja hujifanya mwenye nyumba na kuanza kuwafukuza wapangaji, ikawa kelele na vicheko mpaka kengele ilie. Watu wazima hao, wenye watoto wao, wakigombea vyumba vya nyumba ambayo jioni haitakuwepo. Kinara wa mchezo huo alikuwa fundi wa mashine ya randa, aliyeitwa Kinyozi kwa sababu kazi yake ilikuwa kunyoa mbao.

Siku hiyo, Bi Chaki akiwa juu ya ngazi upande wa nyuma anamalizia namba za kenchi za paa, mzee aliinuka kwenye kiti chake akaifuata nyumba. Alivua viatu mlangoni. Akaingia taratibu, kiganja kikipapasa ukuta, akachungulia chumba hiki na kile.

"Karibu, mzee," Kinyozi alimwambia kwa furaha, mdomo umejaa chakula. "Karibu nyumbani. Hii sasa ndiyo yako. Chumba kikubwa tumekuachia wewe na mama."

Wote wakapiga makofi. Mzee akasimama katikati ya sebule, akavua kofia, akauliza, "Imekwisha?"

"Imekwisha, mzee wetu. Ulichelewa kidogo tu."

Bi Chaki alisikia makofi akiwa kule juu. Alidhani ni utani wao wa kila siku, akaendelea kuandika namba.

Kengele ilipolia mafundi walitoka na vyombo vyao, wakachukua spana na kamba. Mzee hakutoka. Alikuwa ameketi sebuleni kwenye benchi la kukatia, mgongo wima, mikono juu ya magoti.

"Baba, twende," Bi Chaki alimwambia kutoka mlangoni.

"Wapi?"

"Nje. Wanataka kufanya kazi."

"Kazi gani tena? Nyumba si imekwisha?" Mzee alimtazama kwa upole kama anavyotazamwa mgeni. "Waambie vijana wapumzike. Mimi nimefika nyumbani, siondoki."

Bi Chaki aligeuka akamtafuta Kinyozi kwa macho. Kinyozi, aliyekuwa mwepesi wa ulimi kuliko wote, alikuwa ameshaelewa. Alikuwa akikunja na kukunjua kamba isiyohitaji kukunjwa.

"Ulimwambia nini baba yangu?"

"Dada, nilitania tu. Si tunaambianaga hivyo siku zote?"

"Ninyi mna akili zenu zote! Yeye anayo hiyo ya kutania nayo?"

"Nisamehe, dada. Wallahi nilitaka tu afurahi."

Na kweli mzee alikuwa amefurahi, hilo ndilo lililomkata maini Bi Chaki. Hakukumbuka mara ya mwisho kumwona baba yake amekaa vile, ametulia, hatafuti kitu.

Meneja akaja akitembea haraka, simu mkononi. Wafanyakazi walimwita Bwana Meli, maana hakuwa na sentensi isiyokuwa na meli ndani yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu ya mtu anayeongea na ng'ambo wakati wenzake wamelala.

"Bi Chaki, kontena liko getini na meli haisubiri. Kuna nini?"

"Baba yangu yuko ndani. Hataki kutoka."

Meneja akachungulia dirishani, akamwona mzee, akashusha sauti. "Pole. Lakini si vijana wawili wamnyanyue na benchi lake, polepole? Hataumia."

"Hakuna atakayemgusa."

"Bi Chaki..."

"Nimesema hakuna atakayemgusa!" Sauti ilitoka kali, mpaka mashine ya msumeno ikazimwa kule karakanani. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kumpandishia mtu yule sauti. "Atakayemnyanyua baba yangu ataninyanyua na mimi. Nipe nafasi nizungumze naye."

Meneja alitazama jua, akatazama simu. "Haya, fanya unavyojua wewe. Lakini jua likizama, nyumba iwe ndani ya bati. Ikibaki hapa, hawa watu wa ng'ambo hawataagiza nyingine, na hao vijana wote unaowaona watarudi kwao kukaa."

Hakuwa akimtisha. Alikuwa akimweleza hali ilivyo, na hali yenyewe Bi Chaki aliijua kuliko yeye. Alikwenda kwa mlinzi, akaomba chai vikombe viwili, akapiga moyo konde, akaingia.

Ndani kulikuwa kimya na kulinukia mbao mpya. Vioo vya madirisha hufungwa huko huko nyumba ziendako, kwa hiyo upepo ulikuwa ukipita huru. Mzee aliinua uso, na uso huo ukafunguka.

"Mama watoto," alisema. "Umechelewa."

Bi Chaki alisimama na vikombe vyake. Nyumbani, usiku, baba yake alimwita hivyo mara moja moja, na yeye humsahihisha: mimi ni mwanao, baba. Leo hakuwa na nguvu ya kumsahihisha mtu.

"Nilikuwa na kazi," alijibu.

"Kazi, kazi. Umeiona lakini?"

"Nimeiona."

"Hujaiona. Umeitupia jicho tu. Kaa."

"Nimekuletea chai. Twende tukainywe pale nje, kwenye kivuli."

"Nyumba yote hii, halafu mtu akanywee chai kwenye vumbi?" Mzee alicheka kidogo. "Wewe nawe."

"Basi twende tukaitazame kwa mbali mara moja. Nyumba huonekana vizuri kwa mbali."

"Kwa mbali nimeitazama maisha yangu yote," mzee alisema. "Leo niache niitazame kwa ndani."

Bi Chaki alikuwa na hila nyingine mbili tatu alizozipanga njiani, zote zikapukutika. Aliweka vikombe sakafuni, akaketi kwenye benchi, bega kwa bega na baba yake.

Mzee akaushika mkono wake, akaugeuza, akatazama kiganja kilichojaa sugu na wino wa nta.

"Umechoka," alisema. "Nimekuchosha mimi. Nilikuwa naona, usidhani nilikuwa sioni. Nilijifanya hamnazo tu. Kila nikishika nyundo kwa ajili yetu, anakuja mtu mwenye shida kubwa kuliko yetu, au mwenye mdomo mtamu kuliko wako. Nikawa nakwambia bado. Nisamehe, mama watoto."

Maneno hayo yalikuwa haki ya mama yake, na mama yake hakuyasikia. Bi Chaki aliona uchungu kwa niaba yake. Halafu akaona haya, kwa sababu maneno hayo yalimwingia na yeye vilevile, yakaenda kukaa mahali palipokuwa patupu siku nyingi. Nani mwingine alimwambia kwamba amechoka? Kaka alimwambia ajikaze kisabuni. Meneja alimwambia meli. Jirani alimwambia Mungu yupo. Aliinamisha kichwa, akalia bila sauti, na baba yake akampigapiga mgongoni akidhani anambembeleza mkewe.

"Bi Chaki." Kinyozi alikuwa dirishani, ananong'ona. "Samahani, dada. Kontena limeshasogezwa. Meneja anauliza."

Bi Chaki alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alitazama paa, akatazama kuta, akahesabia kichwani mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia, kama alivyozoea.

"Anzeni," alisema.

"Tuanze vipi na mzee yumo?"

"Mzee yuko nyumbani kwake. Anzeni upande wa vyumbani. Sisi tuko huku sebuleni. Mkikaribia tutahamia barazani. Kila kipande kwa kamba, na asipite mtu juu ya vichwa vyetu. Kitu chochote kisianguke."

"Lakini ataona, dada. Ataiona inabomolewa."

"Ataona," Bi Chaki alisema. "Lakini hatabebwa. Nyumba ikimwisha, imwishe amekaa, na mimi niko naye."

Kinyozi akaondoka kwenda kuwapanga wenzake.

Punde bolti zikaanza kulia. Kule upande wa vyumbani wanaume waliitana kwa sauti za chini, kama watu waliofika nyumba yenye mgonjwa. Bi Chaki aliushika mkono wa baba yake kwa mikono miwili, akasubiri. Aliwaza namna atakavyopiga kelele. Aliwaza pengine hatapiga kelele, atanyamaza tena, na safari hii ndiyo mwisho. Bamba la kwanza la paa likainuliwa, la pili likafuata, na jua likaingia ndani likatua sakafuni hatua chache kutoka miguuni pao.

Mzee akainua kichwa. Akatazama juu kwa muda mrefu.

"Hawa mafundi," alisema.

"Baba..."

"Wazito! Tangu asubuhi hawajamaliza kuezeka."

Bi Chaki alimgeukia. Uso wa mzee haukuwa na msiba wowote. Alikuwa amekunja jicho moja kama alivyozoea kufanya zamani akikagua mstari.

"Kenchi zimekaa vizuri," mzee aliendelea. "Upande huu wameshaezeka, bado ule. Wakiwahi kesho, hata mvua ikija haitukuti."

Kwanza Bi Chaki hakuelewa. Halafu akaelewa. Baba yake hakukumbuka tena kwamba paa la upande ule lilikuwepo. Alichokiona ni mbao zilizo wazi na watu wamezipanda na vifaa mkononi, na kwa mtu aliyefanya kazi ile tangu ujana wake, kitu hicho kilikuwa na maana moja tu. Nyumba inayoshushwa ikifika nusu inafanana sawasawa na nyumba inayopanda ikafika nusu, na hakuna aliyemwambia mzee ni ipi kati ya hizo mbili.

"Vijana!" mzee aliita. "Mbona mnalala huko juu?"

Kisha sauti ya Kinyozi ikasikika, imekwaruza kidogo. "Hatulali, mzee. Tunajitahidi."

"Usijitahidi, pima!"

Wanaume wakacheka kule juu, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Bi Chaki naye akacheka, akacheka mpaka machozi yakarudi, na mzee akamtazama kwa mshangao, akacheka pamoja naye bila kujua wanacheka nini.

Kazi ikachangamka. Paa likaondoka lote, zikafuata kenchi, zikashuka kwa kamba moja baada ya moja. Kuta za vyumbani zikavuliwa. Walipofika sebuleni Bi Chaki alisema, "Tuhamie barazani," na mzee akainuka bila ubishi. Kuhama chumba hakukataa kamwe. Alichokataa ni kutoka nyumbani. Mafundi walipita mbele yake na mabamba ya ukuta begani kuelekea kwenye kontena, na yeye akawaona wanaleta.

Na kadiri nyumba ilivyopungua ndivyo mzee alivyozidi kupanga. Ukuta ukija hapa, alisema, kitanda kikae mbali na dirisha, usije ukapata kifua. Jiko lifunguke nyuma, moshi usirudi ndani. Sauti yake nayo ilibadilika, ikawa nyepesi, ya mtu ambaye bado ana mgongo mzima. Bi Chaki aliitikia tu, ndiyo, sawa, vizuri. Kwa mkono mmoja alikuwa amemshika baba yake, kwa mkono mwingine akiwaonyesha vijana fungu lipi litangulie.

"Na yule wa kike," mzee alisema, "tumpe chumba cha pembeni."

"Nani?"

"Binti yetu, nani tena? Yule mkali." Mzee aliteremsha sauti, akasogea kana kwamba mtoto mwenyewe anaweza kuwa karibu anasikiliza. "Ana mkono wa useremala yule. Juzi nimempa ubao autazame, akaniambia baba, huu umepinda. Nikautazama mimi, sikuona. Nikautia timazi: kweli, umepinda."

Bi Chaki hakukumbuka ubao huo. Alikumbuka mtoto aliyekuwa akiokota takataka za mbao miguuni mwa baba asiyesema kitu.

"Umemwambia?" aliuliza.

"Kwamba?"

"Kwamba ana mkono."

"Aa, bado mdogo, atavimba kichwa." Mzee alitabasamu. "Akikua nitamwambia."

Kinyozi alikuwa amesimama nyuma yao akisubiri kuondoa nguzo ya baraza. Alisikia yote. Akageuza uso pembeni, akajishughulisha na bolti ambayo ilikuwa imeshalegea.

Baraza nalo likaenda. Bi Chaki alimhamishia baba yake sakafuni pa sebule, juu ya benchi, na sakafu ilipoanza kufunuliwa wakashuka kwenye udongo wenyewe, benchi na wao. Hakulalamika. Jua lilikuwa limelala upande wa karakana, na vumbi la mbao lilikuwa likielea polepole hewani. Mbele yao mafundi walisukuma fungu la mwisho ndani ya kontena, milango ya bati ikabamizwa. Bwana Meli alikagua kufuli, akatazama upande wa benchi. Alimwashiria dereva kwa mkono tu, na lori likaondoka na nyumba.

Uwanja ukabaki mtupu, una alama za mawe yaliyokuwa yamebeba sakafu.

Mzee aliutazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliinama, akachota udongo, akausugua kwa vidole, akaunusa.

"Kiwanja kizuri," alisema. "Hakituamishi maji. Hapa ndipo nitakapokujengea."

Akavaa kofia yake. Akainuka mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu, akakung'uta koti, akamnyooshea Bi Chaki mkono. "Haya, twende zetu. Tumeshakiona."

Tangu mchana Bi Chaki alikuwa akiomba jambo hilo moja, kwamba baba yake ainuke kwa hiari yake aondoke. Sasa ameinuka, na yeye miguu imekataa. Alitazama ule mkono ulionyooshwa mbele yake, akatazama mahali palipokuwa na chumba cha pembeni, na uchovu wote aliokuwa ameusukuma mbele miezi na miezi ukamkalia mabegani kwa pamoja.

"Siwezi," alisema. "Tukae kidogo. Tafadhali, baba."

Mzee hakulisikia hilo neno la mwisho, au alilisikia na halikumhusu. Alirudi akaketi kando yake, akavua koti lake jeusi, akamfunika nalo mabega.

"Kaa, mama watoto, kaa," alimwambia. "Kiwanja ni chetu. Nani wa kutufukuza?"